Uliza Kapita: Hangari Tupu Ina Wenyewe

Kiangazi watu huniandikia mimi kapita, msimamizi wa mafundi wa ujenzi, kuuliza bei ya tofali. Mvua za kwanza zikishanyesha hapa Lubumbashi, Kongo, maswali yanageuka: maji yanapita wapi, ukuta unalia, dari imebabuka. Mwezi huu barua nne kati ya zile zilizonifikia zinahusu majengo yaliyoachwa. Nimeziweka pamoja. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa, wengine mnisamehe, kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kulia katika jengo la namna hiyo.

*Jambo sana, Baba Kapita. Sisi ni vijana kumi na mmoja wa mitaa ya Kenya na Kamalondo, hapa Lubumbashi, wengi wetu wazee wetu walifanya kazi ya mgodi au ya reli. Kuna hangari kubwa ya matofali mekundu karibu na njia ya treni, imefungwa tangu tulipokuwa wadogo. Mzee mmoja anayesema ni mwenyewe amekubali tuitumie bure miaka miwili, kisha tuzungumze. Tunataka kuweka humo karakana ya kushona, chumba cha kompyuta na jukwaa la michezo ya kuigiza. Tumeona kwenye simu mgodi wa makaa ya mawe wa Ujerumani uliogeuzwa makumbusho, na watu wanafurika kwenda kuuona. Tumechanga dola 640. Tuanzie wapi? — Vijana wa Kenya*

Wanangu, anzeni na mtu anayelala humo.

Mtaniambia hakuna anayelala humo. Yupo. Nimefanya kazi ya ujenzi miaka arobaini na mitatu, ishirini na saba kati ya hiyo nikiwa kapita, na sijawahi kuingia katika jengo tupu. Nimekuta sentineli, yaani mlinzi, ambaye mshahara wake ulikatika zamani lakini hakuondoka. Ana mke, ana kuku, ana mahindi pale malori yalipokuwa yakigeuzia. Nimekuta magunia ya makala, mkaa wa kupikia, ya mtu ambaye hakuna aliyemjua. Na mara moja, katika chumba cha zamani cha kulipia mishahara, nilimkuta bibi mmoja anapika lutuku, pombe kali ya kienyeji, kwenye mapipa mawili. Dirisha lile la karani, lenye tundu la kupitishia pesa, ndilo alilokuwa anauzia. Mnacheka, lakini katika wote niliowaona wakibuni matumizi mapya ya jengo la zamani, yule bibi sijamwona wa kumshinda.

Sentineli ndiye anayejua panapovuja, nani alikuja mwaka jana na karatasi mkononi, nani aling'oa nyaya za shaba na kwa njia ipi. Mkimfukuza, malata yenu, mabati ya paa, yataanza kutembea usiku huohuo. Mwandikeni katika orodha yenu kabla ya fundi yeyote, na mumlipe chochote, hata kama ni unga.

Jambo la pili ni yule mzee "anayesema ni mwenyewe". Hapo ndipo nilipochomwa.

Mwaka 2003, mnajua, zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines, kampuni ya Serikali ya migodi, waliondoka kwa ule mpango wa kuondoka kwa hiari. Waliokuwa na busara waliunganisha pesa zao. Mwaka uliofuata kundi moja la watu kama hao lilinichukua niwatengenezee depo la zamani, waweke useremala na mashine ya kusagia mahindi. Tulifanya kazi majuma saba. Nilibadilisha malata 86 kwa mkono wangu na wa vijana wangu wanne, tukaziba mifereji, tukapaka chokaa. Mashine ilikuwa imesaga siku tisa ilipofika teksi. Alishuka bwana mmoja wa suti, mpole, akaomba maji ya kunywa, tukampa. Akatoa hati yenye mihuri. Kumbe mzee aliyetupa depo alikuwa ndugu wa mpangaji wa zamani tu, basi. Tulipewa siku kumi. Mashine ilihama, malata yakabaki. Mpaka leo nikipita pale nayahesabu kutoka barabarani.

Kwa hiyo sikilizeni. Kwa sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ardhi ya nchi hii ni ya Serikali. Mtu anapewa haki ya kuitumia, na haki hiyo inathibitishwa na hati ya usajili, ile tunayoiita sertifika. Karatasi ya mauzo si sertifika, wala barua ya shefu wa kartie (mtaa), wala picha ya marehemu amesimama mbele ya mlango. Tena mwaka huohuo wa 1973, mwezi wa Novemba, ndipo Mobutu alipotangaza kwamba mali za wageni zipewe Wazaire, ndilo jina letu la wakati ule. Baadaye nyingine zikarudishwa, nyingine hazikurudishwa, nyingine zikauzwa mara mbili njiani. Ndiyo maana jengo moja la mjini linaweza kuwa na wenyewe watatu, kila mmoja na karatasi ya zama zake. Chukueni namba ya kiwanja, nendeni kwenye ofisi ya hati za ardhi, mwombe kujua jina gani limeandikwa. Mtasubiri, mtaambiwa njoo kesho. Nendeni kesho. Na kama jina ni la kampuni ya Serikali, basi mzee wenu hata awe mkweli namna gani, anayeweza kuwapa ruhusa ni yule mwenye mamlaka ya kuweka sahihi.

Nije kwenye picha ya simu. Mgodi mliouona bila shaka ni Zollverein, mjini Essen. Ulifungwa Desemba 1986, tanuri zake za koke zikafuata 1993, na 2001 UNESCO ikauweka katika urithi wa dunia. Ni kweli, ni kazi nzuri, na jirani yake huko Duisburg tanuri za chuma zilizofungwa 1985 zimekuwa bustani. Tangi moja la gesi wamelijaza maji, watu wanajifunza kupiga mbizi ndani yake. Lakini angalieni tarehe, msiangalie taa za rangi. Zollverein ilipofungwa, serikali ya jimbo ilinunua mahali pale kabla paa halijaanguka. Hawakuacha hata masika kumi yapite. Sisi tumeacha zaidi ya thelathini.

Halafu kuna tofauti ambayo vijana wengi wanaotazama picha hizo hawaioni. Detroit, kule Marekani, ilikuwa na watu karibu milioni 1.85 mwaka 1950. Mwaka 2020 walibaki kama 639,000. Huko nyumba ilibaki tupu kwa sababu watu waliondoka. Lubumbashi nani ameondoka? Tumezidi milioni mbili, mtu analala na watoto sita katika chumba kimoja huku Katuba, na mita mia mbili kutoka hapo kuna hangari ambayo ungeweza kuchezea mpira ndani. Kilichopungua hapa ni kazi. Gécamines ilitoa tani zipatazo 476,000 za shaba mwaka 1986. Mgodi wake wa Kamoto uliporomoka 1990, na katikati ya muongo ule kampuni haikufikia hata sehemu moja ya kumi ya hizo. Wazee wetu walikuwa na msemo, *kazi njo baba, njo mama*. Baba na mama walipokufa, nyumba ilibaki na watoto wote ndani, lakini funguo zilizikwa na marehemu. Watu wa kujaza jengo hatuna haja ya kuwatafuta. Tatizo letu ni hizo funguo, na juu yake ni maji ya mvua.

Ndiyo maana Essen si mji wa kuiga kwa dola 640. Tazameni Leipzig, huko huko Ujerumani. Baada ya 1990 viwanda vya upande ule wa mashariki vilifungwa, watu wakahamia magharibi, maelfu ya nyumba nzuri za ghorofa zikabaki zinaoza. Mwaka 2004 wakazi walianzisha chama kilichokwenda kwa wenye nyumba na kuwaambia hivi: wewe huna pesa ya kutengeneza, sisi hatuna pesa ya kupanga, tupe nyumba miaka mitano, hatulipi kodi, tunalipa maji na umeme, tunaziba paa, tunakaa, na jengo halifi. Waliziita nyumba za walinzi. Niliposikia habari hizo nilicheka peke yangu: Wajerumani wamegundua sentineli! Tofauti ni kwamba sentineli wao ana mkataba, tena ni mshonaji au mchoraji au fundi wa baiskeli. Leipzig leo imejaa tena, imepita watu 600,000, na wengine wanalalamika kwamba kodi imepanda.

Basi mwendeeni mwenye sertifika, akiwa ni yule mzee au mwingine, kwa maneno hayo. Miaka miwili ni kidogo. Mtatengeneza mwaka wa kwanza, wa pili atakuja kuona pamependeza. Ombeni mitano. Andikeni kwamba akitaka jengo kabla ya muda, atawarudishia gharama za paa, na risiti za malata zishikizwe kwenye mkataba. Yule bwana wa suti wa mwaka 2004 hakuwa mwizi. Hatukuwa na risiti hata moja.

Sasa kazi yenyewe. Jengo linauawa kutokea juu. Pandeni na ngazi, wawili wawili, asubuhi kabla malata hayajapata moto, mkanyage kwenye mistari ya misumari tu. Hangari za reli mara nyingi zina mapaa mawili yanayokutana katikati, na pale katikati kuna mfereji mpana. Hapo ndipo zinapofia. Majani yanajaa, mfereji unaziba, maji yanarudi ndani, yanaingia kichwani mwa ukuta, na chuma cha paa kinaanza kuliwa na kutu mahali kinapokalia tofali, ambapo macho hayafiki. Nimewahi kutoa katika mfereji mmoja kiatu, kiota cha mwewe na mti wa mpera wenye matunda. Kusafisha mfereji ni kazi ya jasho tu, haigharimu dola. Fanyeni wiki hii, si baada ya kumaliza karatasi; hata mkikosa jengo, mtakuwa mmelipa mbuzi wa heshima kwa huyo mwenyewe.

Kama paa limebebwa na mbao, gongeni kila moja kwa nyundo msikilize. Mbao nzima inalia, iliyoliwa na mchwa inanyamaza. Vichuguu vya mji huu mnavijua, vingine virefu kuliko nyumba. Mchwa wake hawatofautishi msitu na mwamba wa paa. Chunguzeni pia pembe ya ukuta iliyo karibu na choo cha zamani. Sijui kwa nini, hupenda pale.

Na dola 640 zenu: msitengeneze hangari. Tengenezeni pembe moja. Chagueni upande ambao paa ni zima zaidi, karibu na mlango, mita nane kwa kumi zinatosha, muuzibe vizuri juu, mwingine wote muuache kama ulivyo na mzungushe kamba watoto wasiingie. Sakafu za hangari hizo zilimwagwa nene kubeba mizigo ya treni, hazina haja ya simenti mpya, zioshwe tu. Badala ya kila lata la nne wekeni lile linalopitisha mwanga, kwa sababu cherehani inataka mwanga na umeme wa kwetu mnaujua. Cherehani ziingie kwanza: zinaleta pesa siku ya tatu, sare za shule hazina msimu mbaya. Choo kabla ya jukwaa, nawasihi, maana kundi moja la maigizo nililowahi kulijengea liligombana na kartie nzima kwa jambo hilo hilo. Kompyuta ziwe za mwisho kabisa. Siku kompyuta inapoingia, wezi wanajua kabla ya wanafunzi.

Jukwaa halihitaji kujengwa. Sammy Baloji, aliyezaliwa hapa mwaka 1978, alizipiga picha karakana na tanuri za Gécamines jinsi zilivyokuwa, na kutu yake, akaweka juu yake sura za wafanyakazi wa zamani kutoka picha za kumbukumbu, na dunia nzima ikaziona. Yeye na wenzake wa kikundi cha Picha walianzisha mwaka 2008 mikutano ya wasanii ambayo ndiyo Biennale ya Lubumbashi ya leo, tamasha la sanaa. Hawakusubiri mtu apake rangi kwanza. Wekeni mbao juu ya makreti, mwalike watu saa tisa mchana, jua likiwa bado linaingia mlangoni.

Nitakuja Jumamosi moja kuangalia chuma za paa. Leteni ngazi yenu, yangu iliibwa.

*Baba Kapita, mimi ni mama wa soko, Ruashi. Nimepata kupanga depo la zamani lenye uwanja, si mbali na shemine, ule mnara wa moshi wa kiwanda cha shaba. Nataka kupanda mboga uwanjani, ndani nifuge kuku au nilime bowa (uyoga) kama nilivyoona kwa masista. Paa ni la malata mazito ya kijivu, machache yamevunjika. Mtoto wangu amesema atayakata vipande azibe matundu. Ni sawa? — Mama wa bowa*

Mama, mwambie mtoto aweke chini msumeno leo hii.

Malata hayo mazito, ya mawimbi, yanayovunjika kama sahani, ni Eternit. Wabelgiji walifunika nayo nusu ya nchi hii kwa sababu hayashiki kutu na chini yake kuna baridi. Ndani ya simenti yake mna nyuzi za asbesto. Likiwa zima, limetulia juu, halimdhuru mtu. Ukilikata, ukilitoboa kwa mashine, ukilisugua kwa brashi ya waya au ukifagia vumbi lake kavu, nyuzi zinaingia kifuani na hazitoki. Hukohoi kesho. Unaugua baada ya miaka ishirini, thelathini, hata arobaini, mapafu yanakauka au saratani inashika utando wake. Umoja wa Ulaya ulishayapiga marufuku tangu 2005, Afrika Kusini 2008. Mimi nimeyakata mamia ujanani mwangu, kifua wazi, tukiimba. Kati ya wale tuliokuwa tukiimba pamoja wamebaki wawili. Sisemi ni Eternit iliyowaua wengine, lakini usiku huwa nafikiri.

Basi yaliyo mazima yaache. Yaliyovunjika yamwagiwe maji mpaka yalowe, yashushwe bila kupondwa, yafungwe kwenye plastiki nene na kuzikwa kwa kina mahali ambapo hapatachimbwa. Wapo wanaoyaponda kujazia mashimo ya njia, usiwape. Tundu liwekewe lata la kawaida, na sakafu ioshwe kwa maji, isifagiliwe.

Mboga, hapana. Kiwanda cha kuyeyusha shaba kiliwashwa 1911 na ile shemine ya mita 153 imemwaga moshi juu ya mji kwa miongo mingi. Upande ule moshi ulikoelekea, udongo umebeba shaba, risasi, kadmiamu. Huko mtaa wa Penga Penga mimea mingi ilikataa kabisa kuota; watafiti wa chuo kikuu chetu walijaribu kufunika udongo huo kwa nyasi ndogo iitwayo *Microchloa kunthii* inayovumilia shaba, na lengo lilikuwa kuzuia vumbi lisiruke, si kula. Lengalenga (mchicha) za pale zitameremeta vizuri sokoni, lakini wewe unazo roho za watu mkononi. Kuku wanaodonoa udongo ule ni hadithi ileile.

Bowa, ndiyo! Hayo hayagusi udongo. Yanakaa kwenye mifuko ya mabua ya mahindi au maranda yaliyochemshwa na kupoa, katika giza na unyevu, na depo lako lina giza la bure. Nunua maranda ya mti usiotiwa dawa. Acha tundu la hewa juu ya kuta, maana uyoga ukikomaa hutoa unga unaokera kifua. Na hesabu msimu: kuanzia Desemba bowa ya msituni inajaa kando ya barabara kwa bei ya kutupa, hutaishinda. Panga mifuko yako itoe Juni mpaka Septemba, mji mzima ukiwa umekauka na mtu ana hamu ya kula bukari, ugali wetu, na kitu laini. Hapo utaniletea kapu.

*Kapita, mimi ni mwalimu, Likasi. Jumba letu la cercle, yaani klabu, ambapo wazazi wetu walikuwa wakiona sinema, limechukuliwa na kanisa. Wanafunzi wangu hawana mahali pa kufanyia maigizo. Tunawezaje kulirudisha?*

Mwalimu, rudisha kutoka kwa nani? Nimeuliza kwa simu mtu wa huko. Malata ya jumba hilo yaliibwa yote. Waumini ndio waliochanga wakaezeka upya, wakaweka milango. Mimi sipendi vipaza sauti vya usiku kucha, na mke wangu anaimba kwaya, kwa hiyo nyumbani suala hili lina hatari. Lakini tuseme kweli: katika nchi hii waliotangulia kuyatumia tena majengo yaliyoachwa si wasanifu wa majengo, ni wachungaji. Sinema zetu nyingi zimekuwa makanisa, na zile zisizokuwa makanisa nyingi zimekuwa matofali ya watu wengine.

Usiende na barua ya madai. Nenda na wazee wawili waliofanya kazi mgodini, keti na mchungaji, uliza siku gani jumba halina ibada. Jumanne na Jumamosi mchana karibu kila mahali ni tupu. Toa kitu: wanafunzi wako wafagie, wapake chokaa ukuta wa nyuma. Na mchezo wa kwanza mtakaouonyesha usiwe ule wa mchungaji mwizi, hata kama ndio mnaoujua vizuri zaidi.

*Mzee Kapita, babu yangu aliacha nyumba ya tofali ya mwaka 1948, Kipushi, paa limeanguka lote, ukuta mmoja umelala. Ndugu zangu wanataka tuitengeneze kwa ajili ya heshima yake. Mimi naona ibomolewe. Nani ana haki? — Mjukuu*

Wewe.

Watu wakisikia nasifu majengo ya zamani hudhani sitaki liondoke hata moja. Detroit kituo kikuu cha treni, kilichoona treni ya mwisho Januari 1988, kilirudi kufunguliwa Juni 2024 kwa sababu Ford ilikinunua na kumwaga pesa ambazo hakuna ukoo ulio nazo. Na mji huohuo umebomoa maelfu ya nyumba za kawaida, ukawa na akili kufanya hivyo. Ukuta uliolala hauinuki. Ukiuinua utawalalia watoto.

Ila bomoa kama fundi. Anzia juu, safu kwa safu, msisukume ukuta kwa gari. Kabla hujagusa, kwaruza udongo wa kati ya matofali kwa msumari. Ukitoka unga mweupe laini, ni chokaa, na hapo una mali: tofali zitaachana nzima, mtazisafisha kwa panga butu na kujengea chumba kipya pale pale, kwa jina la babu, ndugu zako wakanyamaza. Msumari ukiteleza, ni simenti, utapata nusu tu. Tofali za miaka ile zilichomwa kwa kuni nyingi, zina uzito. Ukigonga mbili zinalia kama kengele. Zinazolia *tup* tumia ndani, au chini ya sakafu.

Umeandika pia, pembeni kwa herufi ndogo, kwamba mlango wa mbele bado upo na ni wa mulombwa, mbao ya thamani. Huo usimpe mtu bei kabla sijauona.